Ndizi Isiyogeuka Sukari

Jumatatu, 4 Agosti

Sahani imekwenda, sahani imerudi. Wali kidogo, maharage, ndizi mbivu mbili pembeni. Babu amemaliza zote. Nimeosha vyombo, nimekaa kuandika.

Tangu Babu aje kwetu Uyole kutoka Tukuyu kutibiwa mguu, mimi ndiye njia ya maneno yote humu ndani. Mama hawezi kuingia chumba cha Babu. Ni baba mkwe wake. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtu hakai pamoja na baba mkwe, hamtazami usoni, hatamki jina lake. Tunaita ukutila. Baba angesaidia, lakini yuko Iringa kwenye karakana ya useremala, Mlandege, na anakuja mara chache. Kwa hiyo Mama anapika, mimi napeleka. Babu anashukuru, mimi narudisha shukrani. Mama akienda bombani anajifunika khanga kichwani na kuzunguka nyuma ya nyumba, kwenye matope, ili asipite mbele ya mlango wa Babu.

Nikiwa shuleni wanamtumia paka. Babu anasema kwa sauti, "Paka, mwambie mwenye jiko, maji ya kuoga yakipata moto ayaache hapo nje." Mama anaiambia sufuria, "Yanachemka sasa hivi." Paka analala tu. Mwanzoni nilicheka sana. Siku hizi naona kawaida. Lakini habari za chakula hazipiti kwa paka. Kulalamikia chakula cha mkwe ni aibu kubwa, hata ukilalamika kwa paka.

Kidonda hakiponi. Ijumaa nesi alisema sukari ikiendelea kukaa juu hivi, kidole kitakatwa, na baada ya kidole hajui kitafuata nini. Alisema mbele ya Babu kana kwamba Babu hayupo. Babu aliangalia viatu vyake. Naogopa.

Jumatano, 6 Agosti

Leo jaribio la biolojia. Tuliweka iodini kwenye ndizi. Kipande cha ndizi mbichi kikageuka bluu nzito papo hapo, karibu nyeusi. Maana yake kimejaa wanga. Kipande cha ndizi iliyoiva mpaka ikatoa madoa hakikubadilika, iodini ilibaki kahawia vilevile. Wanga umekwisha. Umegeuka sukari humohumo ndani ya ganda, bila moto, bila mtu kugusa.

Mwalimu akasema jambo jingine. Wanga wa ndizi mbichi ni mgumu. Tumbo haliwezi kuumeng'enya wote. Mwingi unapita tu mpaka utumbo mpana.

Nilikuwa na swali. Nilikuwa nalo kabisa mdomoni. Erasto anayekaa nyuma yangu akanong'ona, "Tuse, usile vifaa vya maabara," kwa sababu nilikuwa nimeshika kipande karibu na uso nikikitazama. Watu wakacheka. Nikakaa. Siku zote nakaa.

Babu anakula ndizi mbivu kila mlo. Anakula sukari tupu, na sisi ndio tunampa.

Wanga mgumu unapita tu. Nimeiandika sentensi hii pia kwenye kiganja.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeingia chumbani kwa Babu akiwa nje anaota jua. Chini ya kitanda kuna gunia. Ndani yake majani makavu ya mgomba, na katikati ndizi alizovundika kutoka kwenye mkungu aliokuja nao. Zimeiva vizuri. Harufu yake ilinitia huruma. Nimezichukua zote nikazipeleka kwa jirani mwenye nguruwe.

Kisha nikamwambia Mama, "Babu anaomba umpikie ndizi mbichi tu. Mbivu zimemchosha."

Mama akaacha kuchambua maharage. "Zimemchosha? Yeye?"

"Ndivyo alivyosema."

Nikaenda kwa Babu. "Mama anasema kuanzia leo atakupikia mbichi tu. Ndizo zinazofaa mguu. Na zile za chini ya kitanda ameomba zitolewe."

Babu akapapasa chini ya kitanda kwa mkono, kama mtu anayetafuta ndala. "Kama mwenye jiko amesema, ni sawa."

Kwa nini sikusema ni maneno yangu? Kwa sababu yangu ni maneno ya mtoto. Neno la Mama, Babu hawezi kulikataa. Neno la Babu, Mama hawezi kulikataa. Na hawawezi kuulizana.

Ni uongo. Naandika hivyo ili nisijidanganye hata hapa. Lakini ni uongo wa kumponya.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Spika za viwanjani zinapiga kelele tangu asubuhi. Sikwenda. Watu wengi mno.

Babu amekula sahani nzima ya ndizi za kuchemsha, ameongezewa, amekula tena. Baba amepiga simu kutoka Iringa. Nilitaka kumweleza. Nikasema tuko salama.

Nina furaha iliyobana kifuani. Kama kiatu kipya.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimempeleka Babu kliniki, nimekosa vipindi viwili. Sukari haijashuka. Imepanda kidogo.

Nesi akauliza, "Mzee, unakula nini?" Nikajibu mimi. Ndizi mbichi, za kuchemsha. Akauliza kwa kiasi gani. Nikatazama chati ya ukutani. Daktari ameongeza vidonge. Nesi akarudia mara mbili kwamba asivimeze bila chakula.

Tulipokaribia nyumbani Babu akasema, "Mama yako anahangaika bure na mimi."

Sielewi. Mbichi ni ngumu. Mwalimu alisema. Nimesoma pia kwenye kitabu cha maktaba. Kwa nini imepanda?

Jumatano, 13 Agosti

Nilibaki maabara baada ya vipindi. Nilisimama karibu na meza ya mwalimu mpaka akaniuliza kama nina shida. Nikauliza swali langu nikitazama meza. Akasema, "Tusijibizane kwa maneno. Tujaribu."

Akaniambia niteme mate kwenye kikombe. Aibu. Nikatema. Kwenye mate kuna kimeng'enya kinachovunja wanga. Tukaponda ndizi mbichi, tukaponda na ndizi mbichi iliyochemshwa, kila moja kwenye neli yake ya kioo, tukatia mate na kuziweka kwenye maji ya uvuguvugu. Tukasubiri. Mwalimu alisahihisha madaftari. Kisha tone la iodini.

Ile isiyopikwa: bado nyeusi. Mate hayakuweza kitu.

Ile ya kuchemsha: kahawia hafifu. Wanga umevunjwa karibu wote.

"Moto unaulegeza wanga," mwalimu akasema. "Ukishachemka, mwili unaumeng'enya bila taabu. Umefanya kazi nzuri, Tusekile. Ni ya nini hii?"

"Nilitaka kujua tu."

Angeuliza mara moja zaidi ningemwambia. Hakuuliza. Nikaosha neli nikaondoka.

Kwa hiyo mbichi ya kwenye sufuria si mbichi tena. Nimekuwa nikimlisha Babu sukari ya polepole, sahani mbilimbili. Mjinga mimi. Lakini sasa najua. Tatizo ni moto.

Jumamosi, 16 Agosti

Nilikata ndizi mbichi vipande vyembamba nikavianika juu ya ungo. Upepo wa mwezi huu unakausha kila kitu, hata midomo. Leo nimetwanga, nimechekecha. Unga mweupe wenye kijivu. Haujaguswa na moto hata kidogo. Unakorogwa kwenye mtindi, unanywewa. Asubuhi kikombe, jioni kikombe, badala ya ndizi na wali.

Mama alisimama na mwiko mkononi. "Mtu mzima anywe unga usiopikwa? Mimi nimezaliwa huko huko kwao, mbona sijawahi kuona?"

"Ni mambo ya kliniki, Mama. Babu amekubali. Amesema ndicho anachotaka."

"Amesema anachotaka ni hicho?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa. Akakoroga.

Babu alikunywa mbele yangu. Masharubu yakawa meupe. Alitazama ndani ya kikombe muda mrefu. "Tuse, huu ni uji au ni chokaa ya ukuta?" Nikacheka. Akashika mkono wangu haraka. "Usimwambie nimesema hivyo. Mwambie ndaga. Mwambie nimeshukuru sana."

Nikaenda nikamwambia Mama ndaga.

Jumatatu, 18 Agosti

Imeshuka! Tulipita duka la dawa, wakamtoboa kidole, namba imeshuka, imeshuka sana. Yule dada wa duka alisema, "Mzee umejitahidi." Nilitaka kumkumbatia mtu, nikashika begi langu.

Tumbo la Babu linanguruma usiku na mchana. Anasema ni lori la mbao linapanda mlima na halifiki. Anaomba radhi kila baada ya dakika. Mimi nafurahi. Nimesoma kwamba wanga usiomeng'enywa unafika utumbo mpana na kuliwa na bakteria, na hao ndio wanaotoa gesi. Kwa hiyo ni ushahidi. Unapita tu. Ninavyotaka.

Sijawahi kuwa sahihi kuhusu jambo kubwa namna hii.

Jumanne, 19 Agosti

Mama anafua nguo za Babu. Hawezi kumtazama lakini nguo zake anazijua. Leo ameniita kwenye karo akanionyesha mkanda wa suruali. Una tundu jipya, limetobolewa kwa msumari.

"Babu yako anapungua."

"Kliniki wanataka apungue," nikasema.

Hakuna aliyesema hivyo kliniki. Limetoka tu mdomoni. Sasa yanatoka yenyewe.

Jumatano, 20 Agosti

Babu ameniita kwa jina la shangazi. Nikamrekebisha. Akaniita tena hivyo hivyo.

Mikono inatetemeka. Shati limelowa jasho mgongoni, na nje upepo unakata masikio. Nilimwuliza kama anaumwa. "Njaa tu, mjukuu wangu. Njaa ya ajabu. Tumbo limejaa na mimi nina njaa." Nikamwambia anywe mtindi amalize. Akamaliza.

Nimeandika hayo na nayatazama. Tumbo limejaa na ana njaa. Kuna kitu hapo, sikioni. Kesho nitamwambia Mama amwongezee maharage.

Ningemwambia leo. Lakini ataniuliza Babu amesemaje.

Alhamisi, 21 Agosti

Nitaandika kwa mpangilio, la sivyo sitaweza.

Nilikuwa kwenye kipindi cha jiografia. Karani wa shule alikuja mlangoni akaniita, akasema jirani amepiga simu, niende nyumbani. Nilikimbia.

Mlango wa Babu ulikuwa wazi. Mama alikuwa ndani.

Sijawahi kumwona Mama ndani ya chumba kile. Alikaa sakafuni. Khanga imeanguka kichwani. Kichwa cha Babu kilikuwa mapajani pake, na Mama alikuwa anamtia mdomoni ndizi mbivu aliyoiponda kwa vidole, kidogo kidogo, akimwambia, "Meza, baba. Meza." Sakafuni maganda meusi. Babu alikuwa mweupe midomo, jasho linamchuruzika, lakini alikuwa anameza. Macho yake yalikuwa yanamtafuta mtu, yakampata Mama, yakabaki pale.

Mama alinieleza baadaye, kwenye bajaji. Alikuwa jikoni. Akasikia Babu anaita. Hakumtaja paka. Alisema, "Mama Tuse. Nipe ndizi mbivu." Hivyo tu, waziwazi, kama mtu anavyosema na mtu. Mama akasimama, hajui afanye nini. Tangu aolewe hajawahi kuambiwa neno na mzee huyu moja kwa moja. Kisha akasikia kishindo. Akachukua ndizi zilizokuwa zimening'inia jikoni, zimeiva mpaka zimekuwa nyeusi, akaingia.

Tulimbeba Babu wawili, mbele ya watu wote wa stendi ya bajaji. Mama alimshika kiunoni. Mwanamke mmoja anayetufahamu akaweka mkono mdomoni. Mama hakumwangalia.

Hospitali walisema sukari imeshuka mno. Vidonge vilifanya kazi yake, lakini chakula hakikuingia kwenye damu. Daktari alimwambia Mama amefanya vema kumpa kitu kitamu wakati bado anameza. Angechelewa kidogo, Babu angezimia kabisa. Akauliza, "Asubuhi alikula nini?"

Mama akanitazama. Daktari akanitazama. Nesi pia. Nilisema yote, pale pale, kwa sauti. Gunia la chini ya kitanda. Iodini. Unga. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

Daktari akavua miwani. "Ulichosoma ni kweli," akasema. "Lakini mimi nilipanga dawa kwa mtu anayekula. Mngeniambia."

Nilitaka ndizi isigeuke sukari. Haikugeuka.

Ijumaa, 22 Agosti

Babu bado amelazwa. Anaongea vizuri, jina langu analijua.

Mama hakunipiga. Tulikuwa tunatembea kurudi nyumbani, akauliza bila kugeuka.

"Kwa hiyo hakusema zimemchosha."

"Hakusema."

"Na mimi sikusema zitolewe chini ya kitanda."

"Hukusema."

Tukatembea. Mama akasimama kando ya barabara, malori yanapita. "Mimi nazunguka kwenye matope kila siku ili nimheshimu. Yeye amekunywa unga mbichi ili aniheshimu mimi. Na wewe ukaichukua heshima yetu ukatudanganyia."

Nikamfuata nyuma mpaka nyumbani.

Baba amefika jioni na basi la Iringa. Amekaa nje bila kuvua koti. Anasema zamani mkwe akimgusa baba mkwe, wazee wangeitwa wakae. Alikwenda hospitali kumwuliza Babu. Babu akamjibu, "Uwaite waje wasikilize nini? Mimi nilikuwa nakufa, mkeo akanilisha. Wakija wapikie chai, waondoke."

Baba amenisimulia hilo, kisha akaingia kulala. Kuhusu mimi hakusema kitu. Afadhali angesema.

Jumatatu, 25 Agosti

Babu amerudi nyumbani. Baba ameondoka. Nilidhani sasa Mama atapita mbele ya mlango. Hapana. Amejifunika khanga, amezunguka kwenye matope kama zamani.

Lakini kuna lililobadilika. Habari za chakula sasa zinapita kwa paka. Mchana Babu alisema, "Paka, mwambie mwenye jiko, maharage ya leo yamezidi chumvi." Niliogopa. Jikoni Mama alicheka. Alicheka kweli, mpaka akashika ukuta. Akaiambia sufuria, "Mwenye jiko amesikia. Kesho atapunguza."

Sahani anaiweka mwenyewe kwenye kigoda nje ya mlango. Anakohoa, anaondoka, Babu anafungua. Hakuna anayenituma.

Wanamwamini paka kuliko mimi. Nimelia chooni, maji yakiwa yamefunguliwa.

Jumatano, 27 Agosti

Nilimweleza mwalimu wa biolojia. Nilimsubiri mpaka wote wakatoka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema na yeye alipaswa kuniuliza mara ya pili. Sikutaka aseme hivyo. Kosa ni langu, sitaki kugawana.

Erasto aliniuliza kwa nini siku hizi siandiki kitu mkononi. Hakuwa anatania. Nikamwambia sijui.

Kidonda cha Babu kimekauka upande mmoja.

Alhamisi, 28 Agosti

Jioni Mama aliniita jikoni. Sahani ilikuwa tayari, imefunikwa. Akaifunua mbele yangu. Mchicha, maharage, vipande viwili vya ndizi ya kuchemsha. Pembeni nusu ndizi mbivu, ambayo ncha yake bado ina kijani. Ndivyo alivyopangiwa kliniki. Safari hii Mama alikwenda naye mwenyewe. Babu alitangulia bajaji moja, Mama akafuata na nyingine.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Peleka hivyo hivyo. Usiongeze neno."

Nilibeba kwa mikono miwili. Babu alikuwa amekaa kitandani, paka miguuni pake. Nikaweka sahani. Nikasimama.

"Mama yako amesema nini?"

"Amesema nilete."

"Basi?"

"Basi."

Akatikisa kichwa, akaanza kula. Maharage kwanza. Mimi sikuondoka. Nilisema samahani, kwa sauti ndogo, sijui kama ilimfikia. Akachukua ile nusu ndizi akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii imeiva kiasi gani, mwalimu?"

Nikaitazama vizuri. "Bado kidogo, Babu."

"Nami naona hivyo." Akaimenya yote, akaila taratibu, macho ameyafumba.

Sahani imerudi. Mama aliuliza Babu amesema nini. Nikamwambia amesema ndaga.

Na kweli alisema.